Wa Njano Yuko Nyuma

Mke wa mzee aliyepotea alikuja kituoni na suruali.

Hakuleta picha wala kitambulisho, vitu alivyoambiwa alete. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi na suruali ya kijivu mapajani, imepigwa pasi mpaka mkunjo wake ungekata karatasi. Sajini alimwacha hapo saa mbili asubuhi. Alipotoka ofisini saa nne na robo, alimkuta vile vile, hata begi hajaliweka chini.

"Mama, suruali ya nini?"

"Ya kubadilisha. Aliondoka na kaptula. Mkimtoa mtoni, awe mzima, awe vinginevyo, nyumbani kwangu haingii na kaptula."

Sajini alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na miwili, nusu yake ameimaliza kwenye kazi hii. Alijua kwamba neno kama hilo halijibiwi, linaachwa lipite. Akaketi kando yake, akafungua daftari.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jana, Jumamosi, watu watano walikodi kayaki, ile mitumbwi myembamba ya plastiki ya mtu mmoja mmoja, wakashuka mto kutoka daraja la juu. Waliongozwa na mwenye biashara mwenyewe, ambaye watu wote wa mtoni humwita Kafi, kwa jina la kasia lake. Katikati ya safari kuna kisiwa chenye pango, na pango lina hadithi: zamani alijificha humo haramia aliyeitwa Chongo, akiwavizia wachuuzi wa majini. Wateja hulipa ili waone pango. Walipomaliza kuliona, mvua kubwa ikawapata. Wakakimbilia majini, wakafika gatini wanne. Wa tano, fundi saa mstaafu mwenye miaka sitini na tisa, hakufika. Kayaki yake ya njano ilikutwa imepinduka kwenye nguzo za daraja la chini.

Kafi alilala mahabusu. Mkuu wa kituo alishapiga simu mara mbili: jalada la kuua kwa uzembe liwe mezani kwake kesho asubuhi.

"Mzee anajua kuogelea?" Sajini aliuliza.

"Kama jiwe."

"Masikio?"

Mama alimtazama. "Nani kakwambia?"

"Umenijibu kwa sauti ya juu tangu asubuhi. Mtu huzoea."

"Hasikii, mwanangu. Ana kile kifaa cha sikio. Nilimwambia akifika kwenye maji akivue, akitie kwenye mfuko wa nailoni, maana cha kwanza alikitumbukiza kwenye ndoo." Akaupapasa mkunjo wa suruali. "Mimi ndiye nilimwambia akivue."

Sajini aliandika hilo, akalipigia mstari. Kisha akasema, "Niazime hiyo suruali."

"Utaikunja?"

"Nitaikunja."

Kayaki ya njano ilikuwa uani, nyuma ya kituo, imelazwa juu ya matairi mawili ya zamani, la tatu likiwa pembeni. Mzamiaji wa zimamoto, jamaa mwenye mabega kama mlango, alikuwa pembeni anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Tangu alfajiri alikuwa anapapasa tope chini ya daraja, na macho yake yalikuwa mekundu.

Sajini alizunguka kayaki mara moja bila kugusa. Mara ya pili akaigusa. Ndani, mbele ya kiti, kulikuwa na vikanyagio viwili vya kukazia miguu, kila kimoja kwenye reli yenye matundu. Ukiwa na miguu mirefu unavisogeza mbele, ukiwa mfupi unavirudisha nyuma. Akaikunjua ile suruali, akaiweka kiuno kwenye egemeo la kiti, akainyoosha kuelekea vikanyagio.

Suruali ilifika, ikapita. Ikapita kwa shubiri nzima na vidole viwili juu yake.

"Afande," mzamiaji akasema, "unamshonea nani?"

"Njoo uone. Mtu wa suruali hii anaweza kukaa humu?"

Mzamiaji aliinama. "Akikaa, magoti yatamfika masikioni. Na kafi hawezi kuvuta."

"Nani amevigusa hivi vikanyagio tangu muitoe majini?"

"Hakuna. Hivyo ukivikaza havisogei kwa maji, lazima vidole."

"Jaketi la kuelea mlilikuta wapi?"

"Ndani ya kayaki. Nimeandika kwenye ripoti."

"Nimeisoma. Hata nyumba yangu ina vitu vingi ndani. Ndani wapi?"

"Kwenye kiti."

"Limelala?"

"Limefungwa. Limezungushwa kwenye egemeo, vifungo vyote vitatu. Ilibidi nifungue ndipo nilitoe."

Sajini alinyanyua kichwa polepole. "Na hukuandika hivyo?"

"Niliulizwa kama lilikuwapo. Lilikuwapo."

"Na kafi la kupigia maji? Usiniambie lilikuwa ndani ya kayaki."

Mzamiaji sasa aliiweka chai chini. "Lilikuwa kwenye mikanda yake, ubavuni. Limebanwa."

"Kwa hiyo huyu mzee," Sajini alisema, akiikunja suruali kwa kufuata mkunjo wake, "alishuka mto kwenye mvua, magoti masikioni, jaketi amelivalisha kiti, na kafi lake limefungwa ubavuni."

"Hapana," mzamiaji akasema kwa sauti ndogo. "Humu hakukuwa na mtu."

"Usimwambie yeyote bado. Mkuu akisikia nusu, atanipa amri nzima."

Bado swali lilikuwa moja. Vikanyagio havijirudishi nyuma vyenyewe. Kuna mtu mfupi alikaa humo jana, akavikaza kwa miguu yake, na kati ya waliofika gatini hakuna aliyetaja jambo hilo. Dada wawili wauguzi walishatoa maelezo yao na kwenda zamu. Maelezo yao yalilingana na ya Kafi: wa njano alikuwa nyuma, mbali, walimwona mpaka kwenye kona ya mti ulioanguka. Waliobaki walikuwa maharusi wa wiki moja, na hao walikuwa nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara, wameambiwa wasiondoke.

Jana usiku Sajini alimuuliza bwana harusi mzee alipanda kayaki ipi kutoka kisiwani. Alijibu, "Mvua ilikuwa kubwa, hatukuona vizuri." Akamuuliza bibi harusi kwenye chumba kingine. Alijibu, "Mvua ilikuwa kubwa, hatukuona vizuri." Watu wawili hawaoni vibaya kwa maneno yale yale.

Aliwaita uani. Bwana harusi alikuwa mrefu, mkono wake umekwaruzwa, na alisimama mbele ya mkewe kama pazia. Mkewe alimfika kifuani tu.

"Bibi harusi, nisaidie. Kaa humo."

"Kwa nini akae humo?" mume akaruka. "Afande, mke wangu hajalala."

"Mimi pia sijalala, na hakuna anayenitetea. Mwache akae."

Binti aliingia, akaketi, akanyoosha miguu. Nyayo zake zilitua kwenye vikanyagio kama nguo iliyopimwa. Hakungoja kuulizwa. Alifunika uso.

"Nimemuua mzee wa watu."

"Usiseme hivyo!" mume akafoka.

"Kaka, kaa kwenye lile tairi," Sajini alisema. "Dada, sema taratibu. Mlibadilishana?"

Ikatoka yote. Kafi ana mchezo wake na wateja. Husimulia kwamba Chongo, kwa kuwa na jicho moja, hakushika sura za watu, alishika rangi za nguo zao. Akikuona na shuka jekundu asubuhi, atalisubiri jekundu jioni. Wachuuzi wakajanjaruka, wakawa wanabadilishana nguo wakifika kisiwani. Basi na wateja, kabla ya kuondoka kisiwani, hubadilishana kayaki na majaketi, wakacheka, wakapigwa picha. Bibi harusi alikuja na bluu, mzee na njano. Wakakubaliana kubadilishana.

"Nikaingia kwenye ya njano, nikarekebisha vya miguu. Mvua ikaanza. Kiti kikajaa maji. Nikaona bluu ipo pale chini ya mwamba, kavu, iko karibu na ya mume wangu, na mzee bado hajatoka pangoni. Nikasema njano si ni yake tangu mwanzo? Ataichukua. Nikafunga jaketi kwenye kiti kama tulivyofundishwa, nikarudi kwenye bluu yangu. Nilipotoka niliisukuma ile ya njano kwa mguu. Afande, nadhani niliisukuma majini. Alipoikimbilia ndipo alipozama. Mume wangu akasema tusiseme."

"Mkono wako, kaka?"

"Mwamba. Nilikuwa namsukuma yeye aondoke upesi," bwana harusi akasema, macho chini. "Filimbi ilishalia mara tatu."

Filimbi. Sajini alifungua daftari kwenye ule mstari. "Ilishalia mara tatu, na mzee kifaa chake kiko kwenye nailoni. Hakuikimbilia kayaki yoyote, dada. Hakujua kama mnaondoka. Hebu futa machozi, hujaua mtu. Umenionyesha mtu alipo."

Binti alimtazama kama anayeambiwa habari kwa lugha ngeni. Mumewe aliketi kwenye tairi bila kuambiwa tena.

Mahabusu, Kafi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa mwanamume mkavu wa miaka arobaini hivi, viganja vyake vigumu kama nyayo.

"Mteja akishuka kwenye kayaki, jaketi analiweka wapi?"

"Analifunga kwenye egemeo la kiti. Ni sheria yangu, afande. Zamani walikuwa wanayatupa mchangani, upepo ukanibebea mawili."

"Na mkiwa majini, watu unawahesabuje?"

"Kwa rangi. Mimi natangulia kutafuta mkondo, nageuka nyuma nahesabu. Nyekundu, kijani, bluu, chungwa, njano. Jana nilihesabu mara mbili. Watano. Wa njano yuko nyuma, nikajua mvua imevunja kubadilishana, na mzee alikuwa nyuma tangu mwanzo wa safari, sikuona ajabu."

"Mkono ulikuwa unapiga kafi?"

"Kwa ile mvua? Niliona njano imekaa wima, inakuja na..."

Sajini alimwacha afike mwenyewe. Midomo ya Kafi ilitikisika kama anayehesabu upya.

"Inakuja na maji," akasema. "Nilihesabu jaketi." Akasimama ghafla, akashika nondo. "Yuko kisiwani! Afande, leo wanafungua bwawa! Saa nane! Mvua ya jana yote iko juu kule, na wakifungua, lile pango linajaa mpaka mlangoni!"

Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika tano.

Mtu wa mageti ya bwawa alipokea simu mlio wa kumi na moja.

"Afande, ratiba imeshatangazwa. Nani kathibitisha kuna mtu kisiwani?"

"Suruali."

"Nimekusikia vibaya?"

"Umenisikia vizuri. Nina suruali, jaketi na kafi, na vyote vitatu vinasema jambo moja. Nikikosea, utanicheka mpaka nistaafu. Nikiwa sawa na ukafungua, tutakutana mahakamani mimi na wewe."

Alisikia mtu akikuna ndevu. "Mpaka saa tisa kasorobo. Nitasema geti limekwama. Huwa linakwama kweli. Ila saa tisa kasorobo litakwamuka, afande. Ukuta wangu nao una roho za watu chini yake."

Boti ya injini isingefaa, mawe ya pale juu yangeikata tumbo. Sajini alimtoa Kafi mahabusu kwa saini yake mwenyewe, bila kumpigia Mkuu. Wakaipakia kayaki ya watu wawili kwenye gari pamoja na ile ya bluu, tupu, ya kumrudishia mzee. Mama alilifuata gari mpaka getini. Aliingiza mkono dirishani, akamwekea Sajini ile suruali kwapani.

Saa saba kamili walikuwa chini ya daraja la juu.

"Unajua kuogelea?" Kafi aliuliza, akimfunga jaketi.

"Kama jiwe."

"Basi kaa mbele, piga kafi nikisema, na usiinamie upande. Ukiogopa, ogopea katikati."

Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, unavuta. Sajini alipiga kafi vibaya, kisha vibaya kidogo. Nyuma yao, kwa kamba ndefu, Kafi aliivuta ya bluu. Baada ya kona ya pili Sajini aligeuka kuangalia wametoka mbali kiasi gani, akasahau kupiga kafi: kulikuwa na mtu anawafuata. Amekaa wima, kimya, mabega ya bluu, anayumba na maji.

Lilikuwa jaketi. Kafi alilifunga kwenye kiti bila kufikiri, kama kila siku ya maisha yake.

"Hata mimi ningehesabu mtu," Sajini alisema.

Baada ya hapo Kafi aligeuka kulitazama mara nyingi, kama mtu anayemtazama jirani aliyemwibia.

Kisiwa kilikuwa mwamba mmoja mkubwa, vichaka mgongoni, na ukanda wa mchanga mwembamba kama mkeka. Saa saba na nusu. Kafi alianza kupiga filimbi, akaacha. Sajini alikuwa anamtazama tu.

"Ndiyo," Kafi akasema. "Hasikii."

Kwenye mchanga kulikuwa na nyayo ndefu za mguu mtupu zinazoenda majini na kurudi, kwenda na kurudi. Zilizorudi mara ya mwisho, mguu mmoja uliburuzwa. Sajini alizipima kwa kiganja. Kisha akawasha tochi, akaingia pangoni, maji yakiwa tayari kifundoni. Aliizungusha tochi ukutani taratibu, mara mbili, ili mwanga ufanye kazi ya sauti.

"MMECHELEWA!" likaja jibu kutoka juu, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.

Mzee alikuwa kwenye kibao cha mwamba, juu ya kimo cha mtu, amekaa kama yuko sebuleni. Shati lake amelianika kwenye jiwe. Kofia yake ilikuwa na maji ya mvua ya kunywa. Kifundo kimoja cha mguu kilikuwa kimevimba kama kiazi. Kafi aliukwea ule mwamba kwa magoti na viganja, na alipomfikia alimshika mzee kichwa, kwa mikono miwili, kama anayehakikisha kina uzito.

"HUYU ANA NINI?" mzee alimuuliza Sajini.

Sajini alimwandikia kwenye daftari, kwa herufi kubwa: ULIKUWA WAPI FILIMBI ILIPOLIA?

Mzee alisoma, akaona haya. Akaelekeza kidole ndani kabisa, gizani, nyuma ya mwamba. "Kulikuwa na wanawake," akasema, safari hii kwa sauti ya chini kwake, yaani sauti ya kawaida kwa wengine. "Mtu hujisogeza mbali kidogo. Niliporudi, mchanga mtupu. Nikasema, basi, Chongo karudi kazini, kachukua wote kaniacha mimi kwa sababu sina kitu."

Sajini alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu jana, na kilimtoka kibaya, kwa kukohoa, mpaka ikabidi ashike ukuta. Akampa suruali. Mzee aliitazama, akautambua mkunjo. Kisha, mguu umevimba na maji yanapanda, akaivaa kwanza. Hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Kabla hawajaondoka mchangani, Kafi aliwapanga wote wawili, akawagusa utosini mmoja baada ya mwingine. "Mmoja. Wawili." Akajigusa. "Watatu." Jaketi la bluu alilivua kwenye kiti, akamvisha mwenye mwili.

King'ora cha bwawa kililia wakiwa wameshapita kona ya mti ulioanguka. Dakika chache baadaye mto ulijinyanyua chini yao, taratibu, kama mnyama anayeamka, ukawabeba mpaka gatini bila kuomba kafi.

Gatini walikuwapo maharusi, mzamiaji na chai yake, na mama mbele ya wote, begi mkononi. Simu ya Sajini ilikuwa inaita, Mkuu. Aliiacha iite. Jalada alilijua litakavyoandikwa: aliyepotea hakupotea, alihesabiwa vibaya. Kafi atajibu kwa sheria yake ya majaketi, lakini atajibu akiwa nje, na hakuna maiti ya kujibia. Bibi harusi aliuona urefu wa mzee ukitoka kwenye kayaki, akamshika mumewe na kumlilia begani kwa sauti, bila aibu.

Mama hakulia. Alimtazama mumewe kuanzia juu, akafika kwenye suruali, imelowa mpaka magotini, akatikisa kichwa. Akanyoosha kiganja. Mzee, kama mtoto aliyekamatwa, alitoa ule mfuko wa nailoni mfukoni mwa shati. Mama akaufungua, akakifuta kifaa kwa ncha ya kitambaa chake, akamrudishia mumewe mfuko mtupu, akavuta kichwa chake chini, akamvisha sikioni mwenyewe.

Wote wakasubiri. Hata mzamiaji alisogea nyuma hatua moja.

"Sasa nisikilize," mama akasema.

Wakasubiri. Mdomo wake ulifunguka, ukafungwa, ukafunguka tena. Mkono wake haukutoka kwenye lile sikio.

Mzee aliinama zaidi, akakunja uso, akiugongagonga mfuko mtupu wa nailoni.

"Mbona sisikii kitu?" akasema. "Betri imekwisha?"